Mpendwa Aliyenigonga

Kwa mdogo wangu wa tumbo moja,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wanao wote. Vipi hali yako? Presha imeshuka, au bado unaficha vidonge nyuma ya kopo la sukari na kujifanya umemeza? Na kitinda mimba wako, kile kikohozi kimemwacha? Kila asubuhi nikipiga magoti nawataja mmoja mmoja, kuanzia mkubwa hadi mdogo, na simruki mtu. Mimi nipo, namshukuru Mungu, napumua. Zaidi ya hapo sina la kujisifia, ndiyo maana nimekaa nikuandikie badala ya kukupigia. Simu ina haraka zake, na mtu akikasirika anaikata. Barua ukiikasirikia itakusubiri mezani mpaka hasira ziishe.

Sijui mume wako alikwambia nini kuhusu ile ajali. Labda alikwambia yote, labda nusu, labda hakusema kitu. Kwa hiyo nakusimulia tangu mwanzo kama vile hujasikia lolote, na uniwie radhi nikirefusha.

Unajua alikuja kwangu kutafuta kazi, nikampa chumba cha nyuma, kile ninachowekea mashuka ya wateja. Alikuwa mgeni mzuri, kwa hilo siwezi kumsema vibaya. Alinisaidia kubeba marobota, akawa anamtania yule mama anayenipigia pasi kwamba foronya zake zimenyooka kuliko barabara za mji huu. Kila asubuhi alitoka na bahasha ya vyeti kwapani, jioni akarudi nayo vilevile. Nilikuwa naumia kumwona. Siku ile nikamwambia apande tuende wote kupeleka mashuka kwenye nyumba za wageni, huenda mwenye nyumba mmoja akawa anahitaji mtu wa stoo.

Tulikuwa kwenye barabara kubwa, ile yenye maduka ya vipuri pande zote mbili. Mimi nipo njia yangu, mwendo wangu wa siku zote. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikishika usukani hata kuku wanavuka bila haraka. Ghafla, kutoka kijibarabara cha upande wa kulia, likachomoka gari kubwa jeupe. Halikusimama, halikupunguza mwendo. Likatubamiza ubavuni, nyuma kidogo ya mlango wangu, pale penye bati tupu la sehemu ya mizigo. Kigari changu kikazunguka na kwenda kuingiza gurudumu moja mtaroni. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa kwenye gia. Ukajipinda, nikasikia kitu kimelia ndani ya kifundo. Mume wako hakupata hata mkwaruzo, na kwa hilo nilimshukuru Mungu palepale kwa sauti. Neno lake la kwanza, nalileta kwako kama lilivyotoka, aliuliza yule mtu kalala au vipi, mbona hakusimama kabisa. Alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa kelele.

Akashuka mzee mmoja nadhifu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Kabla hata ya kuangalia magari akaniita mpendwa. Akasema mpendwa pole sana, mpendwa umeumia wapi, kosa ni langu, simu ndiyo iliyonichanganya. Mume wako naye akawa mpendwa, na wapita njia waliojaa pale wote wakawa wapendwa. Jina lake halisi sikuliuliza siku ile. Sasa ninalo, ila humu nitamwita Mpendwa tu, kwa sababu nikianza kuliandika jina lake nitaandika na mengine ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyaandika. Nyuma ya gari lake palikuwa na maandishi makubwa kwamba gari hili linalindwa na Bwana. Nikaisoma ile stika ya nyuma, nikaridhika. Sikwenda mbele kutazama kwenye kioo kama kuna stika ya bima.

Watu wengine wakigongana wanapiga picha, wanaandikiana namba, wanangoja trafiki aje apime. Sisi tuliomba. Mpendwa alisema watu wa Mungu hawaanzi na polisi, wanaanza na shukrani. Tukashikana mikono kando ya mtaro, mimi nikitoa ule mmoja mzima, naye akaomba maombi marefu, mazuri, mpaka muuza betri wa duka la jirani akavua kofia. Nilitaka kumwambia nione kadi yake ya bima. Niliona aibu, mdogo wangu. Mtu katoka kunililia mbele za Mungu, macho hayajamkauka, halafu nimwambie lete karatasi? Niliona itakuwa kama kumwambia maombi yako siyaamini.

Basi akasema tuyasogeze magari tusiwazuie wenzetu, maana honi zilikuwa zimeanza. Vijana wa madukani wakakitoa changu mtaroni, lake likaondoka lenyewe, taa moja inaning'inia. Aliniachia namba ya simu na kusema kila kitu atagharamia yeye, bima tuiache, bima ni usumbufu mtupu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha duka nimekumbatia mkono, nikamwona yeye na mume wako wamesimama pembeni wanazungumza, na mume wako anamwonyesha vyeti. Utaamini nilifurahi? Nikasema moyoni, tazama Mungu, hata kwenye ajali anamfungulia mtu mlango.

Hospitali walisema mfupa umepasuka, wakanifunga plasta ngumu mpaka karibu na kiwiko. Kesho yake mume wako aliondoka kabla ya chai. Alisema ana haraka, wewe unamsubiri.

Siku za mwanzo Mpendwa alikuwa anapokea simu, na hakuishia hapo, aliniombea kwenye simu. Baadaye akawa kila nikipiga yuko kikaoni. Baadaye simu ikawa inaita tu. Mwisho akabaki yule mwanamke wa mtandao anayesema namba haipatikani, na yeye angalau hakuniita mpendwa.

Hapa kazini mambo yakaanza kulegea. Kufua shuka mashine inasaidia, ila kulikunja shuka la kitanda kikubwa kunataka mikono miwili na watu wawili, na kulipeleka kunataka gari. Nilikodi mkokoteni, mvua ikanyesha, mashuka yakafika yamelowa na tope pembeni. Nyumba ya wageni ya kwanza walinivumilia. Ya pili walisema pole mama, tumepata mtu mwingine. Yule mama wa pasi nilimwambia mwenyewe atafute pengine, maana kukaa naye tunatazamana nilishindwa. Sasa kamba zangu za uani zina nguo zangu tu.

Kigari kilikuwa kwa fundi bodi. Fundi akaniuliza bima ya aliyenigonga iko wapi. Akanieleza taratibu, kama anaongea na mgonjwa, kwamba bima yangu ni ile ndogo, inamlipa nitakayemgonga, mimi mwenyewe hainilipi. Wa kunitengenezea gari na kunitibu mkono ni bima ya yule aliyenigonga, na kuipata lazima kwanza nijue namba ya gari lake. Nikamwambia sina. Akauliza picha. Sina. Akauliza kwa hiyo nilipata nini. Nikamwambia tuliomba. Fundi alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Akasema basi hata namba ya malaika mlinzi wake ningeichukua, tungeanzia hapo. Nilikasirika, kisha nikacheka na mimi, kisha nikalia, yote kwenye kiti kimoja.

Huyo fundi ana mdomo, lakini Mungu alimweka pale. Alipokuwa anapapasa lile bonde kwenye bati aone ataanzia wapi kugonga, vidole vyake vikagusa vijimistari. Akaleta chaki, akasugua. Zikatokea herufi, zimegeuka kinyume. Kibao cha namba cha mbele cha gari la Mpendwa kilijichapa ubavuni mwangu kama muhuri, na mimi nilikuwa nalitazama bonde lile kila siku naona bonde tu. Nikatoa kioo cha mkobani, tukasoma kupitia kioo. Herufi ya mwisho ilikuwa imekatika nusu, mimi nasema hii, fundi anasema ile, mpaka mafundi wengine wakaacha kazi waje kuamua. Nikamwomba fundi asilinyooshe lile bati, liache hivyohivyo.

Nikaenda kwa trafiki. Mkuu wao ni mtu mzima, mchovu, hana maneno mengi. Alinigombeza, na alikuwa na haki. Akauliza nani alituruhusu kusogeza magari kabla hayajapimwa. Nikamwambia tulikuwa tumemaliza kuomba. Akasema mama, siku nyingine ombeni magari yakiwa palepale, na amina mngoje mimi nije niseme na ninyi. Lakini akaandika taarifa yangu, akaja mpaka kwa fundi kuliona bati, akajaribu ile namba kwenye kompyuta na herufi zote mbili. Moja ilikuwa ya pikipiki. Nyingine ilikuwa ya gari jeupe, na bima yake ikaonekana hapohapo, hai, kubwa, ya kampuni yenye ofisi hapahapa mjini. Nilitembea kwa miguu mpaka huko, nikiimba. Njiani nilimwahidi Mungu sadaka ya shukrani.

Sasa kaa chini, kama umesimama.

Ofisi yenyewe ni ya viti vya bluu na ukuta wenye picha ya familia inayocheka mbele ya nyumba ambayo kwa vyovyote siyo yao. Binti wa dirishani alinipokea kwa adabu, akaingiza namba, akasoma, halafu uso wake ukabadilika. Akaniuliza kama mimi ndiye mwenye kile kigari cha mashuka. Nikasema ndiye. Akasema ajali hii wanayo siku nyingi. Mwenye gari jeupe aliileta mwenyewe, kesho yake tu baada ya kugongana. Alieleza kwamba mimi nilihama njia yangu nikamfuata yeye akiwa amesimama pale mwisho wa kijibarabara, na kwamba nilikuwa nalia njiani kwa mawazo ya ujane. Ujane, mdogo wangu. Mume wangu amelala kaburini miaka, leo anaamshwa aje abebe kosa la mtu wa simu. Kwa hiyo wao hawana cha kunilipa, mimi ndiye ninayetakiwa kuulizwa, na bima yangu ndogo ndiyo itakayomtengenezea taa yake.

Nikamwambia binti huo ni uongo, ni neno la mtu mmoja. Akasema kwa upole kwamba siyo la mtu mmoja. Kuna shahidi. Nikasema shahidi yupi, yule muuza betri? Akasema hapana. Shahidi ni abiria aliyekuwa ndani ya gari langu, na ndiyo sababu neno lake limekuwa zito, maana ni mtu wa upande wangu.

Mdogo wangu, kwenye gari langu kulikuwa na abiria mmoja.

Sikumbuki nilitokaje mle ndani. Nakumbuka binti alinifuata hadi mlangoni na mkoba wangu. Kabla sijatoka nilimuuliza lile gari jeupe ni la nani, akasema limeandikishwa kwa duka la vifaa vya ujenzi la huko kwenu, akalitaja. Nililijua jina. Nililijua kwa sababu ulikuwa umeniandikia wewe, kwa furaha, kwamba mume wako hatimaye kapata kazi, anasimamia ghala la duka hilo, na mkubwa wake ni mcha Mungu ajabu, anafungua siku kwa maombi na wafanyakazi wote anawaita wapendwa. Barua yako hiyo niliisoma nikiwa na plasta mkononi. Nilipiga vigelegele peke yangu humu ndani. Neno lile la wapendwa nililipita. Nilidhani wacha Mungu wote wanaongea hivyo.

Nilimpigia mume wako. Sikumtukana, Mungu ni shahidi wangu, na huyu wangu hajanunuliwa. Nilimuuliza tu aliona nini siku ile. Akaniambia dada, yale yamekwisha, muachie Mungu. Nikamwambia Mungu nimemwachia, sasa namuuliza yeye. Ndipo akasema maneno ambayo sijayatoa moyoni hadi leo. Alisema yeye ana watoto wanne na mke mwenye presha, na kwamba mimi ni mtu mmoja, mtu mmoja hakosi pa kula. Kisha akasema anaitwa na mkubwa wake, akakata.

Mtu mmoja. Ni kweli. Sikujaliwa, na wewe unajua nilivyohangaika. Lakini nilidhani wale wanne nao ni wangu kidogo. Kumbe nilikuwa nawataja asubuhi bure, mwenzangu amekwisha kunihesabu peke yangu.

Mchungaji nilimweleza. Alinihimiza nisamehe, mambo ya ndugu yaishie ndani. Nikamjibu kwamba kusamehe najitahidi, ingawa siku nyingine nikifika hapo kwenye sala mdomo unakauka na inabidi nianze upya. Lakini ninachotakiwa na wale wa bima siyo kusamehe. Ninatakiwa nikubali kwamba nilifanya nisilolifanya, niache leseni yangu ichafuliwe, nikae humu ndani na kamba tupu, ili Mpendwa aendelee kuomba na watu asubuhi. Nikamuuliza mchungaji hilo nalo limeandikwa wapi. Alinimiminia chai.

Basi sasa nikwambie lililonifanya niandike. Jana nilirudi kwa trafiki. Nimeandikisha kwamba shahidi amesema uongo, nikamtaja mume wako kwa jina lake na la baba yake, na nikaeleza kazi aliyopewa na aliyempa. Trafiki aliniuliza mara mbili kama najua maana yake, kwamba ataitwa, na akiitwa akashikilia uongo wake na lile bati likasema vingine, yeye ndiye atakayekuwa na kesi, siyo mwenye gari. Nilisema najua. Nikatia sahihi. Muuza betri naye amekubali kuja kusema alichoona, na yeye hakuahidiwa chochote na mtu.

Wito utafika kwenu wiki hii au ijayo. Nimetaka uusikie kwangu kabla haujabisha mlangoni. Najua ile kazi itakwisha, na najua ndani ya nyumba yako patakuwaje. Sifurahii, usije ukafikiri nafurahia. Nilikubeba mgongoni ukiwa huwezi kutembea na leo ni mimi ninayekuangushia nyumba. Ila kama atakwenda mwenyewe mapema aseme kweli, trafiki ameniahidi atampokea vizuri, na chumba cha nyuma bado kipo, waje hata wote wanne. Mwambie hivyo. Mimi simu yangu hapokei.

Kuna jambo moja limenizuia kulala, na nitakuuliza wazi. Ile barua yako ya habari njema nimeirudia mara nyingi. Umeniuliza mashuka, umeniuliza kanisa, umeniuliza hata paka. Mkono hukuuliza. Ama hakukwambia kabisa kwamba tuligongwa, ama alikwambia yote ukashindwa pa kuanzia. Nimejaribu kuamini la kwanza. Mchana naliamini. Giza likiingia, linanitoka.

Nisalimie watoto, mwambie mkubwa akaze masomo, na kitinda mimba mpe asali kidogo kwa kile kikohozi. Vidonge vyako meza, tafadhali, hata kama unanichukia. Kwa mume wako sina salamu leo, labda siku nyingine Mungu akinisaidia.

Ulijua au hukujua? Naomba unijibu upesi.

Ni mimi,
dada yako